Nikiacha sindano ya kupunguza uzito, kilo zitarudi?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 41, urefu sentimita 162, naishi Tabata. Mwaka jana nilikuwa na kilo 104 na nilikuwa nameza dawa ya presha. Wifi yangu aliyeko Birmingham akawa ananitumia sindano za Wegovy, nachoma mara moja kwa wiki. Huu ni mwezi wa saba, nimefika kilo 91, niko kwenye dozi ya miligramu 1.7. Presha imetulia mpaka wakanipunguzia vidonge. Sasa wifi amesema hawezi tena kununua, na nimebakiwa na peni mbili za sindano hiyo. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna dada anauza vichupa vya unga unaochanganya na maji mwenyewe, bei yake ndogo sana. Ninunue? Au niache kabisa? Na nikiacha, kilo zitarudi? Nywele nazo zinapukutika, na mama mkwe anawauliza watu kama naumwa. Nimekuwekea picha ya boksi.

JIBU: Dada yangu, tuanze na kilo, maana ndizo zinazokunyima usingizi. Ukiacha sindano hivi hivi bila kupanga chochote, nyingi zitarudi. Ndivyo ilivyoonekana kwa watu waliofuatiliwa baada ya kuacha. Utafiti mkubwa wa dawa hii, unaoitwa STEP 1, uliwachukua watu 1,961 kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutaidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Wegovy, walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Kisha dawa ikasimamishwa, na watu 327 kati yao wakaendelea kufuatiliwa kwa mwaka mwingine. Kwa waliokuwa wakichoma dawa, theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza ilirudi. Presha na vipimo vingine navyo vikaanza kurudi vilikokuwa. Wewe umepungua kilo 13, kwa hiyo ukienda na wastani huo zitarudi nane au tisa.

Wastani lakini huficha watu. Katika utafiti mwingine, wa tirzepataidi (hii ndiyo Mounjaro, sindano nyingine ya kupunguza uzito), walioachishwa dawa baada ya wiki 36 walifuatiliwa mwaka mzima, na asilimia 16.6 kati yao walikuwa bado wanashikilia angalau asilimia 80 ya kile walichopungua. Ni kama mtu mmoja kati ya sita. Wachache, ila wapo, na kazi yetu hapa ni kukuongezea nafasi ya kuwa mmoja wao kama kweli itabidi uache.

Wengi wakisikia habari hii husema basi dawa yenyewe haifai. Mimi sikubaliani nao. Ukiacha vidonge vya presha, presha si inapanda? Hakuna anayesema kidonge kilikuwa bure. Unene wa kiwango ulichokuwa nacho ni ugonjwa wa kudumu, na dawa hufanya kazi ikiwa mwilini. Kinachoniudhi ni kwamba sindano hizi huuzwa na kusimuliwa kama dozi ya malaria: unamaliza, unapona, unaendelea na maisha. Kabla ya kuchoma ile ya kwanza, mtu angekuuliza nani atalipia mwaka wa pili. Hakuna aliyekuuliza.

Nikueleze inavyofanya kazi, kwa sababu itakusaidia wiki zijazo. Utumbo wako hutoa homoni inayoitwa GLP-1 kila unapokula. Huipa ubongo habari kwamba chakula kimefika, na hulipunguzia tumbo kasi ya kumwaga chakula kwenda chini. Ile ya asili hukaa kama dakika mbili tu ikavunjika. Semaglutaidi huiga kazi hiyo, ila imetengenezwa isivunjike upesi: baada ya wiki nzima nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki, na ndiyo maana ukiacha leo itachukua wiki tano hivi kukuisha mwilini. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza zisikudanganye. Wengi huniambia "daktari, mbona nimeacha na niko sawa tu," halafu mwezi wa pili wananitafuta wakiwa wanaamka usiku kufungua friji. Mwili uliopungua haujipongezi kwa kupata afya, unahesabu kwamba kuna njaa. Homoni za kutamani chakula hupanda, za shibe hushuka, na hata ukikaa kitini unatumia nguvu kidogo kuliko mtu mwenye uzito kama wako ambaye hakuwahi kunenepa. Ukianza kula sana si kwamba umekuwa mzembe ghafla.

Sasa vile vichupa. Usinunue. Semaglutaidi unayochoma sasa ilikuja kwenye peni iliyofungwa kiwandani, dozi imepimwa. Unga wa kwenye kichupa unaochanganywa na maji jikoni hakuna aliyekuhakikishia ndani yake kuna nini, kiasi gani, wala kama una vijidudu. Na hata peni zenyewe huigizwa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia (Ozempic ni semaglutaidi hiyo hiyo, kwa jina la sindano ya kisukari) zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani, nchi zenye wakaguzi wengi kuliko sisi. Mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa sukari ikiwa imewashuka vibaya baada ya kuchoma kilichoitwa Ozempic. Wakaguzi walishuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. Mtu asiye na kisukari akichoma insulini bila kujua anaweza kuzimia akiwa peke yake chumbani na asiamke. Semaglutaidi halisi ikiwa peke yake ni nadra sana kufanya hivyo. Kama kuna mwenzako kwenye hilo grupu ameshachoma na anatetemeka, anatoka jasho jingi au anaongea maneno yasiyoeleweka, apewe soda au maji ya sukari kama bado anaweza kumeza, akimbizwe hospitali, na kichupa kibebwe.

Nimeitazama picha ya boksi. Dawa inaonekana ya kawaida, ila lebo ya famasia ina jina la wifi yako. Maana yake kule walimwandikia yeye, kwa uzito wake na historia yake. Wewe hakuna aliyekuuliza kama kwenu kuna mtu aliwahi kuugua saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, wala kama uliwahi kuvimba kongosho. Naomba ujibu hayo mawili kabla ya sindano inayofuata, kwa kumuuliza mama au shangazi. Jibu la lolote kati yake likiwa ndiyo, simama hapo na umwone daktari. Na ikiwa unafikiria kuzaa tena, dawa hii huachwa miezi miwili kabla ya kushika mimba.

Kuna na suala la joto, ambalo kwa Dar si dogo. Peni isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishaanza kutumika hudumu wiki sita, mradi joto lisipite nyuzi 30, na chumba cha Tabata mwezi wa pili umeme ukiwa umekatika hupita hapo mchana kweupe. Iweke rafu ya katikati ya friji. Kwenye zile friji za mlango mmoja usiisogeze karibu na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda hata mara moja ni ya kutupa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Muulize aliyekuletea kama ilisafiri kwenye begi la mkononi au ilitupwa kwenye mzigo wa chini wa ndege. Na usimgawie mtu peni yako, hata ukibadilisha sindano ya mbele: damu inaweza kurudi ndani ya peni, na kwa njia hiyo homa ya ini na VVU huhama kutoka kwako kwenda kwake au kinyume chake. Nalisema kwa sababu najua wapo wanaochangishana pesa na kugawana peni moja.

Je, uendelee kwa njia halali? Kwa vigezo vya kitabibu unastahili. Dawa hii ni ya mtu mwenye BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 30 na zaidi, au 27 na zaidi akiwa na maradhi yanayoambatana na uzito, presha ikiwemo. BMI yako (kilo zako ugawanye kwa urefu wa mita mara wenyewe) ilikuwa 39.6, sasa ni 34.7. Wewe si bibi harusi anayetafuta kuingia kwenye gauni. Desemba 2025 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu dawa hizi kwa unene. Unasema watu wazima, isipokuwa wajawazito, wanaweza kuzitumia kwa muda mrefu, zikiambatana na msaada wa karibu wa kubadili ulaji na mazoezi. Wameliita pendekezo lenye masharti, na mojawapo ya sababu ni bei.

Kwa hiyo fanya hesabu moja kabla hujaja kliniki. Uliza famasia bei ya peni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), zidisha mara 26, maana peni moja ni ya wiki nne. Hiyo ndiyo bei ya kweli, ya miaka miwili. Kama nyumba yako inaweza kuibeba bila kugusa ada za watoto, endelea, na si lazima upande mpaka dozi ya 2.4. Ukishafika mahali ambapo uzito umetulia na presha ni nzuri, dozi ndogo kabisa inayokushikilia inatosha, na mara nyingi bei yake huwa chini pia. Kama hesabu haibebeki, usiingie mkopo wa kausha damu kwa ajili ya sindano. Mwaka 2026 ndio wa kuisha kwa hataza ya semaglutaidi (haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake) katika nchi kadhaa, India ikiwemo, na India ndiko zinakotoka dawa nyingi zilizopo kwenye maduka yetu, kwa hiyo kuna sababu ya kutegemea bei ishuke. Ikifika ya bei nafuu, swali la kwanza liwe lile lile: imesajiliwa?

Wengine huniuliza habari za puto linalowekwa tumboni, huduma ambayo hospitali ya Mloganzila wamekuwa wakiitoa. Linasaidia, lakini nalo huondolewa baada ya miezi kadhaa, na likitoka unarudi kwenye swali hili hili unaloniuliza leo.

Nachukulia sasa kwamba utaacha, maana barua yako inaelekea huko. Peni mbili za dozi nne nne ni wiki nane. Usizitumie kupunguza kilo nyingine. Zitumie kujenga kitakachobaki dawa ikiondoka, wakati njaa bado imelala. Hakuna ratiba rasmi iliyothibitishwa ya kushuka taratibu. Baadhi ya madaktari hushusha dozi au huongeza siku kati ya sindano na sindano, na mimi hufanya hivyo kwa baadhi ya wagonjwa, lakini nikiwaona. Usijibunie. Na ukikosa dozi zaidi ya mbili mfululizo, usirudi kwenye 1.7 kabla ya kuongea na daktari. Tumbo huwa limeshasahau, na utatapika mpaka ujute. Mara nyingi inabidi kuanza tena chini.

Cha kujenga kwanza ni misuli. Katika zile kilo 13, kuanzia tatu hadi tano huenda hazikuwa mafuta. Tatizo ni kwamba uzito ukirudi wenyewe hurudi zaidi kama mafuta, kwa hiyo mtu anaweza kurudi kilo 104 akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa kwenye kilo 104 za mwanzo. Watafiti wa Copenhagen waliwafuatilia watu waliokuwa wakitumia liraglutaidi, ndugu wa dawa yako. Mwaka mmoja baada ya kuacha, waliokuwa wakichoma sindano huku wakifanya mazoezi waliushikilia uzito wao vizuri kuliko waliotegemea sindano peke yake. Huhitaji jimu. Mara tatu kwa wiki: kaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, simama na kukaa mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Shika dumu la maji la lita tano kila mkono, tembea nalo uani mpaka viganja vichoke. Mwezi ujao ongeza. Sukuma ukuta kwa mikono kama unayetaka kuuhamisha. Ukiweza kirahisi mara kumi na tano, hamia kwenye ukingo wa meza. Usibane pumzi unaponyanyua, una presha. Juu ya hayo, kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Kushuka kituo kimoja kabla ya kwenu na kumalizia kwa miguu kunahesabika.

Misuli haijengwi kwa chai na kitumbua. Kwa mwili wako lenga gramu 80 mpaka 100 za proteini kwa siku, na hapa ndipo wengi wanaotumia sindano hukosea: njaa imepotea, wanakula vijiko vitatu vya wali na kipande cha tikiti, wanashangilia mizani. Mayai mawili ya kuchemsha asubuhi ni gramu 12 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Kipande cha samaki cha gramu 100, zaidi ya 20. Dagaa wakavu gramu 30, ambao ni konzi moja tu, karibu 18, na hakuna kitoweo cha bei hiyo kinachowakaribia. Malizia na bilauri ya mtindi usiotiwa sukari. Unapokaa mezani anza na kitoweo na mboga, ugali uje mwisho. Ukifanya kinyume utashiba ugali, dagaa wabaki kwenye sahani. Ugali wenyewe sikukatazi, mtu aliyekatazwa ugali Tanzania nampa wiki tatu. Vinywaji ndivyo navikataa waziwazi. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, na haishibishi. Juisi ya boksi haina tofauti kubwa. Chai ya vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku ni soda nyingine iliyojificha.

Nywele: kupukutika huku hutokea miezi michache baada ya mwili kupungua haraka, kwa dawa au bila dawa, na mara nyingi huota tena uzito ukitulia na proteini ikipanda. Pima wingi wa damu, kwa umri wako upungufu wa madini ya chuma ni wa kawaida. Na acha rasta za kukaza kwa sasa.

Mama mkwe simlaumu. Ametokea kizazi kilichozika watu wengi waliokonda kwanza, na mtaani kwetu mwanamke akipungua watu huwaza moja kati ya mawili: anaumwa, au mumewe anamtesa. Umeficha sindano, ndiyo maana anatafuta jibu kwa majirani. Sikulazimishi umweleze yote. Lakini mweleze, mbele ya mumeo, kwamba daktari alisema presha ilikuwa mbaya, umeambiwa upungue, na vidonge vimepunguzwa kwa sababu umepungua. Hilo ni kweli tupu. Halafu mpe kazi. Bibi anayekusukumia sahani ya pili ya pilau kwa wasiwasi anaweza kuwa ndiye anayekuhifadhia samaki wa kuchoma, akijua ni maagizo ya hospitali. Na mumeo ajue kuhusu sindano yenyewe. Ukipata maumivu usiku, yeye ndiye atakayeongea na daktari.

Maumivu ninayomaanisha ni haya: tumbo la juu linalouma sana, likipenya mgongoni, pamoja na kutapika, ambalo huenda ni kongosho, au upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula mafuta, maana kupungua haraka huleta mawe kwenye nyongo. Kutapika kusikokoma huku mkojo ukiwa mchache na mweusi ni hatari kwa figo, na jicho linaloacha kuona ghafla, hata kama haliumi, ni la siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumatatu. Ukienda kufanyiwa upasuaji wowote, mwambie mtu wa usingizi kwamba ulikuwa unachoma dawa hii, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida.

Kuhusu presha: walikupunguzia vidonge ukiwa unashuka. Ukiacha sindano, pima kila wiki kwa miezi sita, hata kwenye zahanati ya mtaani, uandike kwenye daftari. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara mbili siku tofauti, rudi kwa daktari aliyekupunguzia. Usijiongezee vidonge mwenyewe.

Mizani iwe mara moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi kabla ya chai. Nunua na futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu. Kupanda kilo moja na kushuka ni maji na chumvi, usihangaike nako. Ila ukiona 94 wiki mbili mfululizo, njoo wiki hiyo hiyo. Kilo tatu tunaweza kuzijadili kwa chakula, mazoezi, au kuirudisha dawa kwa dozi ya chini ukiwa umejipanga kuilipia. Wengi huona aibu, wanakuja zimeshafika kumi.